Kufundisha vijana kuandika hadithi fupi: uanze na mdomo, na kitabu au na ramani?

Kila Januari shule zikifunguliwa swali ni lilelile. Mwaka huu limenijia mara mbili kwa wiki moja, mara ya kwanza kutoka kwa mwalimu mgeni aliyekabidhiwa klabu ya Kiswahili kule Kilifi, mara ya pili kwa mama jirani yangu ambaye bintiye yuko sekondari, na wote wanataka kujua kitu kimoja: hawa vijana nikitaka waandike hadithi fupi nawaanzisha wapi? Manake kila utakayemuuliza ana njia yake na anaapa ndiyo yenyewe. Mimi nimekaa na vijana wa miaka 13 hadi 18 hapa Mombasa muda mrefu sasa, darasani na kwenye klabu ya Jumamosi, nimetumia njia tatu kwa zamu, zote zimenifaa na zote kuna siku zimeniangusha, kwa hivo naziweka hapa pamoja kila mtu apime mwenyewe.

Ya kwanza ni ya mdomo, kijana anasimulia kwanza, wenzake wanasikiliza na kuuliza, ndio anaandika. Ya pili ni ya kitabu, mnasoma hadithi fupi ya mtu mwingine, mnaifungua mnaona ilivyoshonwa, halafu anashona yake kwa mshono huohuo. Ya tatu ni ya ramani, anapanga kwanza nani na nini na mwisho wake, kisha anaandika akifuata. Nitazitazama kwa siku ya kwanza inavyokwenda, vifaa na wingi wa wanafunzi, lugha inayotoka, siri za watoto, na mtihani.

Lakini kabla hujachagua, mtazame kijana wako mkono. Mpe karatasi mwambie aandike stori yoyote dakika kumi, usimsaidie. Kuna yule ambaye dakika ya tisa karatasi bado nyeupe, ukimuuliza anakwambia mwalimu mimi sina stori, na huyohuyo mapumziko yakifika ndiye anayevunja watu mbavu kwa mambo ya matatu aliyopanda asubuhi. Kuna yule ukurasa umejaa lakini ukisoma ni pamba tupu, yaani yale mapambo ya insha yaliyozoeleka, jogoo la kwanza limewika, jua limechomoza matlai, mate yamemkauka kinywani, kijasho chembamba kinamtiririka, na mtu mwenyewe humuoni. Na kuna yule anayeandika tu, kurasa sita, watu kumi na wanne, harusi, ajali, kesi, halafu kengele ikikaribia anafunga na "kumbe nilikuwa naota". Hawa watatu wote utaskia wakiambiwa hawajui kuandika, na mimi naona kila mmoja ana pahali pake pa kukwama, na hapo ndipo pa kuanza kuchagua njia.

Siku ya kwanza inakwendaje

*Mdomo.* Wagawe watano watano wakae duara, chini ya mwarobaini ikiwezekana. Mmoja aite paukwa wajibu pakawa, hata hawa wakubwa wenye ndevu wanalipenda hilo msidhani wanaona utoto, kisha asimulie jambo lililomtokea au alilolisikia nyumbani, dakika tatu. Wanaosikiliza wana kazi mbili, pakiwa na kitu wanataka kukijua waulize "ikawaje?", na mwisho kila mmoja aseme kitu kimoja kilichomganda kichwani. Kile kitakachotajwa na watu watatu wanne msimuliaji akiandike pembeni hapohapo. Na kuandika hadithi yenyewe kuwe siku hiyohiyo, ikilala inapoa.

Nilikuwa na kijana mmoja wa Mtwapa alitusimulia babu yake alivyoshikwa na maji usiku ndani ya mtumbwi, wako wawili, mtumbwi unajaa, kopo la kukumbia maji likawaponyoka likatumbukia baharini wakabaki kukumba kwa viganja, na babu anaimba ili mwenzake asilale. Sisi tuko kimya jii. Alipoandika ikawa mistari saba, babu alienda baharini, mtumbwi ukajaa maji, Mungu akawasaidia wakafika. Bahati tulikuwa tumemrekodi kwa simu, nikamwekea asikie sauti yake, nikamuuliza kopo liko wapi hapa? na wimbo? Akakaa chini akaanza upya kutokea pale kopo lilipoponyoka. Tangu siku ile ya mdomo bila kurekodi siifanyi, manake mtoto akishika kalamu anadhani vile vitu vidogo havina heshima ya kuandikwa, anavitupa, anabakisha muhtasari.

*Kitabu.* Tafuta hadithi ya kurasa tatu hadi tano, isizidi. Mara ya kwanza isomwe kwa sauti kwa raha tu, pasiwe na swali hata moja. Mara ya pili kila mtu na penseli: mwandishi ameanza siku ya tukio au miaka kumi nyuma? Watu wangapi wamo? Kutoka mwanzo hadi mwisho umepita muda gani? Mtu wa kwanza kufungua mdomo kasema nini? Vijana wanashangaa sana wakigundua ni watu wawili na mchana mmoja tu, wao walidhani hadithi lazima imchukue mtu toka kuzaliwa mpaka kaburini. Baadaye waandike aya ya kwanza kwa umbo lilelile na vitu vyao, kama mwandishi kaanza na mtu anayegonga mlango basi wewe anza na mtu mlangoni kwenu, aje anataka nini utajua mwenyewe.

Tahadhari moja. Wa kidato cha tatu na cha nne tayari wana diwani ya hadithi fupi wanayoisomea mtihani, taharuki na mbinu rejeshi wanazitaja hata usingizini, lakini mwambie akutengenezee hiyo taharuki anakutazama tu. Kwao hadithi fupi imekuwa kitu cha kujibiwa maswali. Kwa hivo mimi huchukua hadithi isiyo kwenye silabasi kabisa, nikitoa ile ya mtihani naona mabega yanashuka.

*Ramani.* Ubao na chaki, maswali matano: ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, anafanya nini, mwisho nini kimebadilika. Kila swali sentensi moja, unapita unasoma, ukiridhika anaanza kuandika. Kazi iko kwenye swali la pili. Watakuandikia "anataka maisha mazuri", mrudishe, muulize leo hii kabla jua halijazama anataka nini? Akikwambia anataka shilingi mia mbili za safari ya shule kabla baba hajalala, basi mwache aende, hadithi anayo. Na ile "kumbe nilikuwa naota" hapa inakufa yenyewe, kwa sababu mwisho ameshauandika kabla hajachoka.

Vifaa, muda na wingi wa wanafunzi

Hapa hesabu zinasema zenyewe. Kipindi cha sekondari Kenya ni dakika 40. Ukiwa na darasa la vijana 50 na kila mmoja asimulie dakika tatu mbele ya wote, hizo ni dakika 150, karibu vipindi vinne, na wa mwisho ataongea wenzake wamelala. Kwenye vikundi vya watano ni dakika 15 mmemaliza, ila vikundi kumi vikiongea kwa pamoja mwalimu wa darasa la jirani atakuja dirishani, tena ana haki, kwa hivo mdomo unataka uwanja au bwalo au siku ya klabu. Simu moja kwa kila kikundi inatosha kurekodi, na shule isiyoruhusu simu basi mwenzake mmoja awe anaandika maneno makuu.

Kitabu kinataka karatasi. Kurasa tatu mara wanafunzi 50 ni kurasa 150 za fotokopi, na kama mnapiga kwa shilingi tano ni 750 kwa hadithi moja tu, pesa ambayo shule nyingi za kutwa haziitoi hivihivi. Nakala moja kwa watu watano inakwenda, au mwalimu asome kwa sauti mara mbili. Maktaba ya umma mkiwa nayo karibu itumieni, na ukikosa kabisa African Storybook wana hadithi za Kiswahili za bure mtandaoni, hizo ni za watoto wadogo, lakini kumpa kijana wa miaka 15 kazi ya kumwandikia mdogo wake hadithi ya ukubwa ule ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana, neno la ziada halina pa kujificha.

Ramani haina gharama, na kwa darasa kubwa inabeba mzigo kuliko hizi mbili. Fikiria kusahihisha: hadithi 50 za maneno 400 ni maneno 20,000, dakika tano kila moja ni zaidi ya saa nne. Ramani za sentensi tano unazipitia zote ndani ya kipindi, yule aliyepotea unamkamata kabla hajaandika kurasa sita za kupotea. Hilo sijaliona kwenye njia nyingine.

Lugha inayotoka

Hapa ndipo napajali zaidi nitakaa kidogo.

Mdomo unatoa lugha hai. Tanakali zinakuja zenyewe, akaanguka pu, akatumbukia chubwi, maongezi yanasikika kama watu kweli. Lakini unakuja na mizigo yake. Wa kwanza ni ule mnyororo wa akaja akaketi akala akaondoka, ambao ukiusikia una mdundo ila kwenye karatasi ukurasa mzima wa hivo unamchosha msomaji, inabidi ukae na kijana muukatekate, hapa weka "alipoketi", hapa "akiwa bado anatafuna". Wa pili ni mikono. Kijana anaandika "akamfanyia hivi" na ile hivi aliifanya kwa mkono wakati wa kusimulia, msomaji ataionaje? Zoezi lake ni rahisi, asimulie tena akiwa amekalia viganja. Na Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, itaingia, na Kigiriama na Kimvita pia. Mimi huwaambia watu wa hadithi wakiongea waongee kama wanavyoongea kwao, sauti inayosimulia ndiyo iwe Kiswahili ambacho hata msomaji wa Tabora atakifuata.

Kitabu kinaleta sentensi ambazo kijana asingezipata mtaani, anaona aya fupi inavyofanya kazi, anaona mtu anavyoweza kukasirika bila neno hasira kuandikwa. Ubaya ni kwamba kwa majuma ya kwanza ataandika kama huyo mwandishi, mpaka mijini atie shamba la mkonge ambalo hajawahi kuliona. Usiogope, inapita, mradi kila zoezi lina sharti la kuweka vitu vya kwao.

Ramani kwa lugha haisaidii sana, niseme ukweli. Mpango unakuwa safi na hadithi inasomeka kama ripoti ya polisi, na wale wa pamba watamimina pamba zao juu ya mpango. Sasa hizi pamba tusiwagombeze nazo, ni sisi walimu tuliwafundisha, shule ya msingi walikuwa wakipewa alama kwazo. Mimi namuuliza tu, jogoo ulimsikia? Kwenu Majengo yuko jogoo? Nini hukuamsha? Msichana mmoja akafikiri akaandika: "Tuktuk ya jirani ilikataa kuwaka mara tatu, ndio nikajua kumekucha." Sentensi hiyo moja, darasa zima lilijua ni asubuhi gani na mtaa gani.

Siri za watoto

Watu wengi hawalifikirii hili wakichagua. Ukimwambia kijana wa miaka 14 asimulie jambo lililomtokea, anaweza kuleta la nyumbani, na duara la wenzake wanne kesho limejaa shule nzima. Kwa hivo kwenye mdomo tangaza mapema kwamba mtu anaruhusiwa kubadilisha jina, mtaa, hata kusema ilimtokea binamu, na asiyetaka kusimulia asilazimishwe, msikilizaji mzuri naye ana kazi. Kitabu ndicho kinachomficha vizuri, anaweka jambo lake ndani ya mtu wa kubuni na hakuna anayejua. Ramani iko katikati, inategemea kama utazisoma mbele ya darasa au mezani kwako. Na kwa njia yoyote, ukisoma kitu kinachoonyesha mtoto anaumizwa, usiandike alama chini yake ukarudisha daftari, mwite faraghani na umhusishe mwalimu wa ushauri nasaha.

Mtihani

Mzazi atauliza, kwa hivo nijibu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE, ule mtihani wa taifa wa kidato cha nne Kenya, ni Insha, saa moja na dakika 45, maswali manne, la kwanza la lazima kisha unachagua moja kati ya matatu, alama 20 kila moja, maneno yasipungue 400. Mara nyingi kwenye yale ya kuchagua kuna methali au kisa cha kuanzia au kumalizikia kwa maneno uliyopewa. Ramani inaingia moja kwa moja hapa, hasa kile kisa cha kumalizikia, mtoto asiyepanga anafika mwisho na sentensi aliyopewa haigusani na alichoandika. Mdomo unamsaidia kwa kisa kiwe na uhai, ila ndani ya chumba cha mtihani hana wa kumuuliza ikawaje, lazima awe amezoea kujiuliza mwenyewe. Kitabu faida yake inachelewa, ni ya mwaka na zaidi, na inavuka mpaka kwenye karatasi ya tatu ya Fasihi ambako hadithi fupi zimo, manake aliyewahi kushona anaujua mshono akiuona. Mlio na watoto wa gredi ya saba hadi ya tisa mna nafasi kubwa zaidi ya kucheza, msiwakimbize na mambo ya maneno 400 mapema.

Sasa wewe uchague ipi

Darasa la 50, kipindi kimoja kwa wiki, kidato cha nne, mtihani mwezi wa kumi na moja: ramani iwe ndio mwendo wako, na ukipata nafasi waache kila wawili wasimuliane ramani zao dakika mbili kabla ya kuandika, ile lugha ya ripoti itapungua.

Kijana anayesema hana stori, au yule anayeongea Kiswahili nyumbani lakini shuleni anaandika lugha nyingine, kama hawa watoto wetu wanaolelewa Uingereza au Muscat: mdomo. Yuko na lugha sikioni tayari, hajawahi tu kuiona ikitoka mkononi mwake. Hata wale wa masimulizi kwenye tamasha za drama za shule waanzie hapo, halafu wapewe zoezi la kukalia viganja.

Msomaji mkimya mwenye haya, na pia yule ambaye tayari anaandika mfululizo wake kwenye WhatsApp na ana wafuasi wake: kitabu. Wa kwanza hatasimulia mbele za watu na usimshurutishe, wa pili hahitaji kuamshwa, anahitaji kuona watu wengine wanafanyaje wakiwa na kurasa nne tu.

Mwandishi wa kurasa sita: ramani, lakini mpe hadithi moja fupi asome kando, akahesabu watu waliomo mwenyewe.

Mwalimu wa Kilifi, wewe una klabu, una vijana kumi na wawili, una Jumamosi nzima na miembe. Anza na mdomo wiki nne uwafahamu, wiki ya tano lete hadithi ya kusoma, na ramani mfundishe yule tu utakayemuona anapotea, ukiwapa wote siku ya kwanza watadhani ni somo wataacha kuja.

Na mama jirani, bintiyo mimi sijamuona akiandika, lakini wewe mko naye jikoni kila jioni. Mkikuna nazi muulize leo kulitokea nini, akisimulia usimkatize, muulize ikawaje mara mbili tatu, halafu mwambie aiandike kabla hajalala. Asubuhi akikuletea usimtafutie makosa ya herufi. Mwambie pahali unapopakumbuka, umuache aende shule.